Neno Lililomkwama Consolatha

Consolatha, muuguzi wa zahanati huko Nyamahanga, si mwoga hata kidogo. Amezalisha akina mama njiani mvua ikinyesha, na walevi wa siku ya gulio akipita hunyamaza. Lakini neno "kujiua" lilimtetemesha. Kwao Ngara halikutajwa. Baba yake mdogo alipokufa kifo hicho, hakuna aliyethubutu kulia kwa sauti, na bibi aliwaonya watoto: jambo ukiliita, litaitika.

Basi wauguzi walipoitwa Biharamulo mjini kwa mafunzo, mkufunzi wao, Tecla, akawaambia kwamba ukihofia kwamba mtu anataka kujiua, muulize waziwazi kwa neno hilohilo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo kichwani. Wakafanya mazoezi wawili wawili. Zamu ya Consolatha ilipofika, badala ya neno lenyewe alisema "kuondoka". Tecla akamrekebisha. Akasema tena "kuondoka". Darasa zima likacheka, naye akacheka nao huku viganja vikimtoka jasho.

Juma lililofuata akaja Nizigiyimana, mkulima kijana ambaye wazazi wake walikimbilia huku kutoka Burundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Silali tu. Ila nimekuja kukushukuru kwa yote."

Shukrani ile ilimtia Consolatha baridi mgongoni. Yote yapi?

"Mwanangu, unafikiria... kuondoka?"

"Ndiyo. Kesho."

Moyo ukamtulia. Kumbe ni safari! Wengi huvuka mpaka pale Kabanga kwenda kuwaona ndugu zao. Akainuka kwa furaha kumfungulia mlango.

"Na huko utapokelewa na nani?"

"Na mama."

Mkono wa Consolatha ukaganda kwenye kitasa. Mama wa kijana huyu alizikwa mwaka jana, hapahapa, na Consolatha mwenyewe aliimba kaburini. Kidogo tu angemtoa nje kwa mkono wake. Sauti ya bibi ikamjia, ikimkataza, naye akaiogopa kama zamani; ila hofu ya kumpoteza kijana ilikuwa kubwa zaidi. Akaurudisha mlango, akaketi karibu naye.

"Nizigiyimana, unafikiria kujiua?"

Neno likatoka. Akangoja baya litokee. Kijana akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika.

"Ndiyo, mama. Na ninaogopa."

Consolatha akampigia simu daktari wa wilaya, halafu akampigia Iradukunda, mke wa kijana, aje upesi. Mara ya kwanza alikosea namba. Alipomaliza alirudi kwenye kiti kilekile na kumshika kijana mkono.

"Mama, wagonjwa wanakungoja nje," Nizigiyimana alisema.

"Wangoje. Hata mimi naogopa. Tutakaa hapa tuogope wote wawili mpaka mkeo afike."