Karakana Isiyokuwa na Makosa

Mumewe alipofariki, majirani walimpa Mama Cheche miezi michache tu. Mwanamke asiyejua hata kushika mashine ya kuchomelea, walisema, ataendesha vipi karakana ya vyuma? Wengine walianza kuulizia zile mashine kabla machozi hayajamkauka. Jina lenyewe la Mama Cheche alipewa kwa kejeli, maana kila cheche ilipotua karibu naye aliruka kama aliyeng'atwa na siafu.

Hakuuza. Aliamka mapema kuliko mafundi wote, akafungua lango, akakaa mezani kwa marehemu. Kuhusu chuma hakujua kitu, na kutojua huko kulimtesa zaidi ya ujane. Mwanzoni fundi mmoja aliharibu geti la mteja, akamdanganya Mama Cheche kwamba chuma chenyewe kilikuwa kibovu. Mama Cheche akayabeba maneno hayo mpaka kwa mteja, naye mteja akacheka mbele ya watu mpaka akashika mbavu. "Mama," alisema, "umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

Siku hiyo alijifunza somo, ila silo lililompasa. Angeweza kujifunza chuma. Yeye akajifunza kutochekwa tena.

Ndipo ikaja stuli ya langoni. Fundi aliyekosea aliketishwa pale kutwa nzima, kipande alichokiharibu kikiwa miguuni pake, wapita njia wakimtazama. Wa kwanza kuikalia kwa hiari yake alikuwa kijana wa ndevu aliyeitwa Kidevu, fundi hodari na mtu mkweli. Alikwenda mwenyewe mezani akasema, "Mama, zile bomba nimezikata fupi. Ni mimi." Mama Cheche akamwonyesha stuli. Watoto waliotoka shule walimzomea. Mama mkwe wa Kidevu alipita na kikapu, akamwona, akageuza uso kwa aibu kana kwamba amemkuta uchi. Kesho yake Kidevu hakuja kazini, wala keshokutwa.

Baada ya hapo makosa yalikwisha karakanani. Angalau ndivyo Mama Cheche alivyoamini. Kila jioni aliuliza, "Kuna tatizo?" na wote walijibu kwa sauti moja, "Hakuna, mama." Kazi ziliongezeka. Alikuwa akiwaambia wateja kwa kujidai, "Kwangu mimi hutasikia kosa." Na kweli hakulisikia.

Mtu wake wa karibu pale alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kila mtu alimwita Mrefu kwa sababu alipoingia ofisini ilimbidi ainame. Yeye ndiye aliyekuwa akisimika kazi kwa wateja: mageti, madirisha, minara ya matangi ya maji. Alimtania shemeji yake kutwa. "Shemeji, ukinuna hivyo mashine zitagoma." Naye Mama Cheche, asiyecheka na mtu, kwa Mrefu alicheka. Alimwona kama ndugu wa tumbo moja, mtu pekee asiyekuwa na haja ya kumficha lolote.

Mwaka wa mvua nyingi walipata kazi ya mnara wa tangi katika zahanati ya mtaa wa juu. Haikuwahi kuja kazi kubwa kama ile. Mrefu alikuwa ameshamwambia kwamba paa la stoo linavuja, naye akajibu, "Tumalize zahanati kwanza." Wakati Mrefu yuko mbali akisimika mageti ya mtu, mvua ilinyesha, maji yakaingia stoo, na maboksi ya vijiti vya kuchomelea yakalowa chapachapa.

Kijiti kilicholowa ni cha kutupwa. Kiungo chake hutoka na vitundu ndani kama mkate, na mavi ya chuma, ule uchafu wa chuma kilichoyeyuka, hujificha humo. Hilo kila fundi analijua. Lakini kuomba vijiti vipya kulikuwa ni kusema maboksi yaliachwa sakafuni, na kusema hivyo kulikuwa ni kumpeleka mtu kwenye stuli. Mafundi wakatazamana. Mkubwa wao, mzee aliyeitwa Kipara, akashusha pumzi. "Tuvikaushe," alisema.

Wakavianika juani, kisha wakavipasha juu ya jiko la mkaa. Wakachomelea. Pale vitundu vilipojitokeza wakavisaga, wakaziba, wakapaka rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya fedha. Mnara ukang'aa kama wa siku ya maonyesho. Jioni Mama Cheche akauliza kama kawaida, nao wakajibu kama kawaida.

Siku ya kujaza tangi alikwenda mwenyewe, akiwa amevaa vizuri. Mganga wa zahanati alimletea kiti. Mrefu alipanda juu kukaza bomba la kuingizia maji huku tangi likijaa, na toka huko juu akamtania: "Shemeji, huku naiona mpaka kesho!" Mama Cheche akainua mkono kumpungia.

Kipara alikuwa amesimama chini karibu na mguu mmoja wa mnara. Alisikia mlio, mdogo tu, kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa na mpishi. Akapiga kelele, "Shuka! Shuka, mwanangu!" Mrefu akainama kuuliza kuna nini. Kiungo kikaachia, mguu ukakunjika, na tangi likaja chini na maji yake yote na mtu wake.

Walipolisukuma tangi pembeni, Mama Cheche alipiga magoti kwenye tope na nguo zake nzuri, akawa anaupangusa uso wa shemeji yake kwa kiganja, anaupangusa tu, mpaka mganga akamshika mkono akamwambia inatosha.

Askari walikuja, wakapima, wakachukua vipande. Kipara aliwekwa ndani kwa muda, kisha akaachiwa kwa dhamana kusubiri kesi. Siku aliyotoka alikwenda moja kwa moja karakanani. Mama Cheche alikuwa ameketi peke yake kati ya mashine baridi.

"Vijiti vililowa," Kipara alisema, bado yuko mlangoni. "Tulijua."

"Nani alijua?"

"Wote."

"Mlijua, mkamwacha apande?" "Kipara, mlikula naye. Kwa nini hamkuniambia?"

Mzee alivua kofia. "Mama, anayepanda kizimbani ni mimi, na sitamsingizia mtu. Mkono uliochomelea ni wangu. Lakini umeniuliza. Mtu wa mwisho aliyekwambia ukweli humu ndani ulimfanya nini?"

Mama Cheche alisimama, akaichukua ile stuli, akaipiga sakafuni mpaka ikawa kuni. Haikumsaidia kitu. Alichoka tu, na mkono ukamvimba.

Alipofungua tena aliwakusanya mafundi waliobaki, akawaapia kwamba kuanzia siku ile anayekosea aseme, na hataguswa. Waliinamisha vichwa. Jioni akauliza, "Kuna tatizo?"

"Hakuna, mama."

Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Mdomo ulioshonwa kwa woga haufunguki kwa hotuba. Mwishowe akavaa miwani myeusi akamwambia Kipara amfundishe. Cheche zilimuunguza mikono, naye hakuruka. Kila Jumamosi aliweka mezani kiungo alichokiharibu mwenyewe, akasema mbele ya wote, "Hiki nimekiua mimi. Nionyesheni nilipokosea." Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Halafu siku moja mmoja akanong'ona kwamba mama anakwenda mbio mno, mwingine akacheka, na yule aliyecheka akashtuka akajiziba mdomo.

Mpaka asubuhi moja fundi wa madirisha akaja mezani kwake, jasho likimtoka. "Mama, dirisha la mwalimu. Vipimo nimechukua vibaya. Haliingii."

Mama Cheche alisikia hasira ile ya zamani ikimpanda kifuani, mbichi kama jana. Alishika ukingo wa meza. "Twende tukalitazame," alisema.

Walilitengeneza upya. Lakini huwezi kuita watu kutazama chungu kilichopasuka na bado wakakiletea maji. Kazi kubwa hazikurudi baada ya mnara ule. Wateja walivuka barabara wakaenda kwa wengine, na mafundi wakawafuata mmoja mmoja, kwa heshima, wakiaga. Kipara alihukumiwa kifungo. Walibaki watu watatu, wanatengeneza vitanda na majiko. Waliambizana kila kosa sasa, na hapakuwa na kazi ya kutosha hata ya kukosea.

Mtu mmoja tu alikuwa bado hajamkabili, mama mkwe wake, mama yake Mrefu. Tangu mazishi bibi yule hakumfungulia mlango. Siku ya maziko alikuwa amesema neno moja tu: "Wa kwanza amefia kitandani kwako, wa pili amefia kazini kwako." Mama Cheche alimpelekea unga na sabuni kila mwezi, akaviacha kizingitini.

Siku aliyoukuta mlango uko wazi, aliingia akaketi chini kwenye mkeka.

"Mama," alisema, "nimekuja kukiri. Mafundi walijua ubovu wa ule mnara. Mimi ndiye niliyewafunga midomo. Yeye maskini hakujua, wangemwambia asingepanda."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Alijua," alisema.

Mama Cheche akainua uso.

"Siku moja kabla, alipita hapa akala. Akaniambia, mama, ule mnara nimeugonga kwa nyundo, kiungo kimoja hakikulia vizuri. Nikamwambia kamweleze shemeji yako, si mnapendana? Akacheka ule mcheko wake. Akasema, mama, nampenda, lakini wewe humjui akiambiwa kuna kosa. Labda nimesikia vibaya. Tutaona kesho."

Miaka yote ile, katika karakana nzima, Mama Cheche alidhani walau mmoja hakuwa akimwogopa.

Bibi alitupa kokoto moja nje kupitia mlangoni. "Unga umefika," alisema. "Mwezi ujao usilete sabuni, ninayo."

Mama Cheche alirudi kwa miguu. Asubuhi alifungua lango, akawasha mashine, kwa sababu kulikuwa na kitanda cha mtu cha kumalizia.