Baiskeli Iliyoshikwa kwa Utani

Niliporudi Mwanza kutoka Uingereza nilikuwa na koti la sufu, kasha la kalamu za rangi na stashahada ya kazi za vijana, na hakuna mtu niliyepaswa kumshukuru kwa lolote kati ya hayo. Wenzangu walipelekwa na serikali au misheni. Mimi nilijipeleka. Niliosha vyombo hotelini mchana, nikasoma jioni, nikawashinda hata waliozaliwa na Kiingereza kinywani. Nayasema haya ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyesimama mbele ya kidato cha tatu alasiri ile, jasho likimtiririka mgongoni.

Kazi yangu hakuna mwingine aliyeifanya mjini. Nilizunguka shule za sekondari kuanzia Ilemela hadi Buhongwa, na mara moja moja nikivuka kwa kivuko kwenda Sengerema, nikiendesha semina za wanafunzi juu ya ubaguzi wa rangi, wa kabila na wa dini. Wakuu wa shule wengine walidhani ubaguzi ni mambo ya Makaburu tu. Mimi nilijua zaidi. Kule ughaibuni nilishawahi kusubiri basi huku vijana walionyoa vipara wakinizunguka, mmoja akinichokoa nywele kwa kijiti na kuwauliza wenzake kama kuna ndege ndani. Basi lilichelewa. Nilichojifunza pale kituoni hakimo katika kitabu chochote cha chuo.

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa. Maduka yaliyozoea kuwa na viberiti na sabuni ya mche yalijaa redio na vitambaa, viwanda vya minofu ya samaki vikaota ufukweni, huku akina baba wengi wakipunguzwa kazini. Watu walitafuta wa kumlaumu, na hawakwenda mbali: Mhindi wa dukani. Neno "gabacholi", tusi la kumwita Mhindi mnyonyaji, lilitoka kwenye mikutano ya hadhara, likaingia sokoni, likafika shuleni. Wiki ile ile ya semina yangu duka moja la katikati ya mji lilivunjwa kioo kwa mawe.

Katika darasa nililoalikwa alikuwapo msichana mmoja wa Kihindi, peke yake. Baba yake aliuza vifaa vya shule, na asubuhi nilipita kwake kununua karatasi za manila. Alinizungushia mpira taratibu kwenye zile karatasi, kisha akauliza, "Mwalimu, ni wewe unayekwenda kuongea nao leo?"

"Ndiyo mimi."

"Ndugu zangu wote wamepeleka watoto nje. Huyu wangu alilia, anataka kusoma na wenzake. Nikamwacha. Lakini ikitokea siku moja ya vurugu, moja tu, namtoa. Anakwenda London kwa shangazi yake, na harudi."

Nilimjibu kwamba mikononi mwangu vurugu hazitokei. Nililisema hilo kwa kujiamini kabisa, kwa sababu hazikuwahi kutokea.

Zoezi langu la kwanza lilikuwa lile lile siku zote. Nilibandika manila ukutani na kuwataka wanafunzi wataje majina yote wanayoitana kwa kabila, ili tuyatazame mchana kweupe. Walianza kwa kelele za furaha. Wasukuma wakaitwa walaji wa michembe, yale makavu ya viazi. Wahaya wakaambiwa wanaongea Kiingereza hata na ndizi. Wajita wakapewa dagaa, Wakurya wakapewa panga. Wengine hawakuwa hata watani halisi, lakini shuleni kila mtu alimtania mwenzake, na aliyenuna ndiye aliyechekwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Gabacholi!"

Kicheko kilikatika. Kisha mtu mmoja akapiga dawati kwa kiganja, mwingine akaitika, na muda si muda darasa zima likawa ngoma moja. Gaba-choli, gaba-choli. Vichwa vya wanafunzi wa madarasa mengine vikajaa madirishani. Yule msichana aliinamisha uso, akawa anauma kifuniko cha kalamu. Nilisema, "Kimya!" Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama si yangu. Ilikuwa sauti yangu ya kule kituoni.

Akasimama mvulana mrefu wa Kisukuma aliyekaa dirishani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba baba yake ameachishwa kazi kwenye ginari, kiwanda cha kuchambua pamba, mwezi uliopita. Alitembea hadi kwenye dawati la msichana, na ngoma ikatulia ili watu wasikie.

"Ninyi watani wenu ni akina nani?" akauliza.

"Hatuna," msichana akasema bila kuinua macho.

"Hata mmoja?"

"Nimekwambia hatuna."

"Ndiyo maana mnatukanwa hivi hivi. Mtu asiye na mtani hataniwi, anatukanwa. Haya, kuanzia leo mtani wako ni mimi."

Akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akienda moja kwa moja kwenye banda la baiskeli, akaichukua ya msichana, akaibeba begani na kuelekea nayo stoo ya majembe.

Kwetu jambo hilo linajulikana. Mtani wako anaweza kukamata kitu chako, kofia au mbuzi, akakaa nacho mpaka ukikomboe kwa chochote, na hakuna anayemwita mwizi. Ila waliokuwa nje hawakusikia maneno ya darasani. Walichoona ni baiskeli ya Mhindi inachukuliwa. Wakaipokea kwa vifijo na kuifuata. Wengine walicheka, wengine walikuwa wameshaokota mawe, na sikuweza kupambanua wa kucheka na wa mawe. Nikamtoa msichana nikasimama naye barazani, mgongo ukutani.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "huu ni utani au wananiibia?"

Mimi, mwenye stashahada, sikujua. Nikamwambia ni utani.

Mtu alikuwa ameshakimbilia dukani. Pikapu ya baba wa msichana iliingia getini kwa kasi hadi vumbi likatufunika, na pamoja naye alishuka mgambo mwenye rungu. Mgambo hakuuliza maswali. Alimshika yule mvulana mkanda wa suruali, akamnyanyua hadi akawa anasimamia vidole. Mkuu wa shule akatoka ofisini, fimbo mkononi, akatangaza kwamba mwizi hana nafasi katika shule yake, na kwamba leo kijana atalala rumande. Wanafunzi walituzunguka pande zote. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyedondosha jiwe lake. Niliyahesabu maduka ya Wahindi kichwani, kuanzia getini kwenda mjini, na vioo vyake.

"Ingia kwenye gari," baba akamwambia binti yake. "Imekwisha."

Msichana hakuingia. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Baba, hakuiba. Ni mtani wangu. Ameishika tu."

"Mtani?" Baba alimgeukia kijana, si binti. "Mimi nimezaliwa hapa Mwanza. Babu yangu alifika hapa kabla ya reli. Baba yangu alipokufa nilikaa msibani nikawatazama watu wanaoingia. Misiba yenu yote nakwenda, naona watani wanafanya vituko vyao, mpaka mfiwa anacheka na machozi yake. Kwangu alikuja nani? Nani aliwahi kunipa mtani?"

Mkuu wa shule alitazama fimbo yake. Mimi nilitazama mikono ya wenye mawe.

Mvulana, bado anasimamia vidole, akasema kwa pumzi ya shida, "Ukifa wewe, mzee, nitakuja mimi. Nitalala kwenye jeneza lako, na sitoki mpaka wanipe kuku."

Kumtajia mtu mzima kifo chake, mbele ya binti yake, mbele ya umati, huku umeshikwa kama mwizi! Kwa mtani ni haki. Kwa mtu mwingine ni laana. Kuchagua lipi kulikuwa juu ya yule mzee peke yake.

Taya lake lilikuwa likitafuna kitu kisichokuwapo.

"Sisi hatuna jeneza," akasema mwishowe. "Tunachomwa. Na kuku hatuli." Akampa mgambo ishara ya kumwachia. "Uje na kuni."

Mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha kicheko kikapita uwanjani kama upepo juu ya majani. Nikasikia jiwe likianguka chini, halafu mengine. Lakini mzee hakucheka. Alimfungulia binti yake mlango wa gari, akamwingiza, wakaondoka, na baiskeli ikabaki stoo. Kwa alivyoniangalia akipita, sikuweza kujua kama nimemwona msichana yule kwa mara ya mwisho.

Sijutii zoezi lile, na nasema bila kujificha kwamba hakuna semina yangu nyingine iliyofika mahali lilipofika darasa lile. Ila usiku nilisikia kila gari lililopita, na asubuhi nilikuwa getini kabla ya mlinzi hajafungua. Wanafunzi waliingia makundi makundi. Kengele ya mstarini ilipigwa, na yule mvulana akabaki nyuma, amesimama kando ya ile baiskeli aliyoitoa stoo, anajifanya anakagua mnyororo.

Msichana alikuja kwa miguu, amechelewa. Alinipita akisema, "Shikamoo mwalimu," bila kusubiri marahaba, akaenda hadi kwa mvulana na kumnyooshea mfuko wa karatasi wa chevda, vitafunio vikavu vya Kihindi, ulioloa mafuta.

"Nakuja kukomboa," akasema. "Zina pilipili. Ukilia, usiseme Mhindi kakuroga."

Mvulana akatia kiganja kizima kinywani, akatafuna, macho yakamjaa maji. "Hii haitoshi," akasema. "Hii ni ya gurudumu la mbele tu."

Wakaenda mstarini wakibishana, baiskeli katikati yao. Mimi nilibaki nimeshika nguzo ya geti, nikaitikia "Marahaba" wakati wameshafika mbali.