Kuku Wanaopeana Mugongo

Mujukuu wangu alipotumwa Kampala mara ya kwanza kununua vitenge vya butiki moja ya mutaa wetu wa Himbi, mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Mwenye butiki alimwambia wazi: "Ukileta vitu vya kulala kwenye etajeri bila mununuzi, hutaninunulia tena mali." Mutoto akajibu ndiyo mama, akapanda basi. Mimi nikabaki naosha sufuria safi.

Shule yangu iliishia nilipojua kuandika jina. Lakini nimebeba vitenge kutoka Butembo miaka mingi, na watoto wangu walikula vitenge hivyo. Kitambaa nakijua kwa vidole. Unakifinya ndani ya ngumi, unaachilia. Kikibaki na makunyanzi kama uso wangu, rudisha. Unalowesha pembe kwa mate, unasugua kwenye kitu cheupe. Rangi ikitoka, kimbia. Kikiwa kigumu kama karatasi, hiyo ni wanga tu, kikifuliwa kinageuka cha kupangusia meza. Nilimufundisha hayo kabla hajajua kufunga viatu.

Sasa yuko Kampala, ananitumia picha kwa simu. Picha utaishikaje? Na network inaenda, inarudi. Nilitoka mpaka barabarani, nikasimama juu ya mawe ya volkano, simu hewani. Ikaingia picha moja: kitenge cha manjano, kimejaa kuku wawili wawili, kila mmoja amemupa mwenzake mugongo.

Nikamupigia. "Nani atavaa kuku? Kuku tunapika."

"Mukaka, angalia vizuri." Mukaka ni nyanya, kwetu Wanande.

"Nimeangalia. Chukua ile ya maua."

"Maua iko kwa kila meza pale sokoni."

"Umelowesha?"

"Nimelowesha mpaka mate imeisha mu kinywa."

Simu ikakatika. Akachukua kuku.

Siku aliyorudi nilienda kumungojea mpakani tangu asubuhi, maana bariyeri ikifungwa mapema mutu analala ng'ambo na mizigo yake. Alivuka. Sikumusalimia, nilishika kitambaa kwanza. Kilikuwa kizuri. Jambo hilo likanichokoza zaidi: kitambaa kizuri namna ile, kimeharibiwa na kuku.

Walipokitundika, nilikaa kwenye kigoda pembeni ya butiki. Mama wa kwanza alishika, akaacha. Wa pili hivyo hivyo. Mimi nikasimama, nikanyoosha vitenge vilivyokuwa vimenyooka.

"Mukaka, kaa. Unafukuza watu."

Mutoto mwenyewe hakusifia mali, hakufuata mutu. Mimi ningekuwa nimeshaapa kwa mama yangu mara tatu.

Mama mwingine akaingia na rafiki yake, akakifungua, akacheka. "Hawa hawasalimiane."

"Ni mimi na jirani yangu kabisa," rafiki akasema. "Nitolee hiyo."

Basi. Kitenge kilikuwa kimepata jina. Kwetu kitenge bila jina ni nguo tu. Kikipata jina, mwanamke anakivaa kusema neno ambalo mudomo hauwezi. Juma halijaisha, wanawake wanaingia wakiuliza Hatusalimiane. Mumoja alikitaka cha misa. "Wifi yangu anakaa nyuma yangu kanisani," alisema. "Atakisoma mpaka baraka ya mwisho."

Mwenye butiki akaja. "Rudi Kampala, leta hiyo hiyo, mingi."

"Hapana, mama," mutoto akasema. "Wote wakivaa Hatusalimiane, nani atajua ni yeye anachukiwa?"

Nikamufinya mugongoni. Hakugeuka. Mwenye butiki hakucheka, nikaona kazi ile ya mutoto inatoka mulangoni kwa miguu yake.

"Sasa utaleta nini?"

"Sijajua bado. Niache niende kuona."

Yule mama akakusanya funguo zake. "Jitayarishe, Jumatatu unaenda."

Njiani nilimugombeza mpaka nyumbani: mutu anamukataliaje patroni wake mbele ya watu? Na kila mama tuliyekutana naye nilimusimamisha nimwambie kwamba huyu ndiye ananunulia ile butiki ya Himbi.