Kampeni Yangu ya Kumfanya Baba Mzee wa Kanisa

Mpaka leo, nikipita Makutupora msimu wa kutia mizabibu dawa, harufu ya salfa hunifanya nicheke peke yangu. Wenzangu garini hufunga vioo na kuziba pua, mimi hushusha changu. Ile ni harufu ya baba yangu. Alikuwa na shamba dogo la zabibu nyuma ya nyumba yetu, na ule unga wa manjano alioinyunyizia mizabibu isishikwe na ukungu ulimwingia kwenye nywele, kwenye kucha, na kwenye koti lake la pekee. Mama alilifua koti hilo kila Jumamosi kwa sabuni ya mche, na kila Jumapili lilinuka vilevile. Kanisani watu walijua baba amefika kabla hawajageuza shingo.

Nilikuwa na miaka minane au tisa jina lake liliposomwa. Usharika wetu ulikuwa na utaratibu wake: anayependekezwa kuwa mzee wa kanisa alitangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye neno juu yake aseme. Na kabla ya Jumapili ya tatu, mchungaji na wazee wawili walikwenda kumuuliza jirani mmoja wa mtu huyo, tena jirani asiyesali kwetu. Maandiko yanataka kiongozi awe na sifa njema hata kwa watu wa nje, na mchungaji wetu, mtu mrefu asiyependa njia za mkato, hakuona kwa nini jambo hilo lisomwe tu kisha liachwe. "Sisi kwa sisi tunajuana kwa nguo za Jumapili," alikuwa akisema. "Jirani anamjua mtu kwa nguo za Jumatatu."

Jirani yetu wa nje alikuwa Mzee Salumu, fundi wa viatu vya matairi. Babu zake walifika Dodoma na misafara ya zamani, wakapapenda, wakabaki. Alisali msikitini, alifuga mbuzi watatu, na ua wa minyaa ndio uliotutenganisha naye.

Mwalimu Debora, aliyetufundisha sisi watoto siku za Jumapili, akaona hiyo ni nafasi nzuri ya kutukaririsha sifa za kiongozi: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, awe mkarimu, aiongoze vyema nyumba yake, asifiwe na watu wa nje. Wenzangu walikariri wakasahau. Mimi niliziandika nyuma ya daftari la hesabu, nikachora jedwali, nikaanza kumsahihisha baba kwa kalamu nyekundu. Ulevi: vema, ingawa niliwahi kumwona akionja juisi ya zabibu iliyokaa siku nyingi, akafumba macho kwa muda. Ukarimu: vema mbili, maana hakuna mgeni aliyepita kwetu asile ugali wa uwele na mlenda, wakati mwingine ule wa kwangu. Kwenye kuongoza nyumba nilisita, kwa sababu nyumba hiyo ilikuwa na mimi ndani yake. Mwishowe nikamwonea huruma nikampa vema.

Sitaki kudanganya kwamba nilisukumwa na upendo wa kanisa. Wazee wa kanisa walikalia benchi la mbele, lile la pekee lenye egemeo, na watoto wao walikaa nyuma yao, karibu kabisa na kwaya. Nililitamani benchi lile hata nikiwa usingizini.

Basi, Jumatano baada ya Jumapili ya pili, mbuzi jike mweupe wa Mzee Salumu alipenya kwenye minyaa akaingia shambani. Mizabibu ilikuwa imepogolewa wiki chache tu nyuma, na machipukizi yalikuwa laini kama mboga. Baba alipotokea, mbuzi alikuwa ameshamaliza mstari mzima. Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimpiga hata kuku, aliokota jiwe akalirusha. Nadhani alikusudia kutisha tu. Jiwe likampata mguu wa mbele, nikasikia mlio mkavu, na mbuzi akatoka akichechemea kwa miguu mitatu huku akilia. Baba alisimama akiutazama mkono wake mwenyewe. Kisha akaangaza kulia na kushoto. Hakuniona, maana nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji.

Jioni Mzee Salumu aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Jirani! Hukumwona aliyemfanyia mbuzi wangu hivi?"

"Labda ameangukia korongoni, mzee wangu," baba alijibu.

Hakumaliza ugali wake jioni ile. Mama alimuuliza kama anaumwa, akasema ni joto. Mimi nilifungua daftari, nikaweka kosa penye ugomvi. Sifa ya kusema kweli haikuwamo kwenye orodha yangu, kwa hiyo nikaiongeza mwenyewe ili nipate kuiwekea kosa.

Lakini nilimpenda baba, na benchi nalo lilikuwa palepale. Ugeni wa kwenda kwa Mzee Salumu ulipangwa Jumamosi alasiri. Nikaona jambo la busara ni kumwandaa shahidi mapema. Jumamosi asubuhi nikazunguka ua, nikamkuta barazani akikata tairi kwa kisu. Mbuzi alikuwa amelala kando yake, mguu umefungwa kwa vibanzi na kitambaa cha kanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Loisi. Baba hajambo?"

"Hajambo. Babu, leo watu wa kanisani watakuja kukuuliza habari zake. Nakuomba usiwaambie kwamba yeye ndiye aliyemvunja mbuzi mguu."

Kisu kikasimama katikati ya tairi. "Kumbe ni yeye," alisema taratibu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile nilijikwaa ulimi nikaanguka kifudifudi. Mzee Salumu hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda nyumbani, mjukuu wangu. Nimekusikia," akaendelea kukata tairi lake.

Nilikaa na siri ile mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Nikamfuata baba shambani, nikamweleza yote huku nikilia: jiwe, pipa la maji, benchi, Mzee Salumu. Baba aliweka chini mfuko wa salfa, akaketi juu ya bonge la udongo. Uso wake ulikuwa wa manjano kwa unga, kwa hiyo siwezi kusema ulibadilika rangi.

"Mzee alikuamini?" aliuliza.

"Sijui. Alisema amenisikia."

Alijipangusa unga mikononi, kidole kwa kidole. Kisha akainuka. "Kanawe uso. Tunakwenda kwake."

Si mwendo mrefu. Pale ua wa minyaa unapoishia, baba alisimama. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani nina kamasi, nikajifuta kwa mkono. Akatazama upande wa kanisa, ambako bati lilikuwa likimetameta kwa jua. Akanitazama tena. Halafu akanishika mkono, kwa nguvu kidogo, tukaendelea.

Tulikuwa tumechelewa. Wageni walikwisha kufika. Mchungaji alikuwa amekalia kigoda kilichokuwa kifupi mno kwake, magoti yamefika karibu na kidevu, na wazee wawili wako mkekani na vikombe vya kahawa mkononi. Mmoja wao aliruka. "Ndugu, huruhusiwi kuwapo hapa. Wewe ndiye tunayekuzungumzia!"

"Nisameheni," baba alisema. "Sikuja kwenu. Nimekuja kwa jirani yangu." Akavua kofia. "Mzee wangu, mbuzi wako nilimpiga mimi, kwa jiwe. Uliponiuliza nikakudanganya. Huyu mtoto amekuambia kweli."

Mchungaji akaweka kikombe chini. "Mzee Salumu, si umetuambia sasa hivi kwamba huna neno baya juu yake?"

"Sikuwa nalo," Mzee Salumu alisema. "Nilikuwa na neno la mtoto juu ya mzazi wake, na neno la namna hiyo siwezi kuliweka mbele ya wageni kabla mzazi hajalisema mwenyewe. Sasa ninalo. Andikeni kwamba jirani yangu ana hasira, tena ana shabaha." Mzee mmoja wa kanisa alipaliwa na kahawa. "Na andikeni pia kwamba amekuja kwa miguu yake."

Baba alitaka kumpa mbuzi mwingine, akakataliwa. Adhabu yake ikawa kumpelekea yule mgonjwa majani kila jioni mpaka apone. Akafanya hivyo kwa wiki nyingi, akipita njia kuu na mzigo wa majani kichwani, na kijiji kizima kikamwona na kikauliza na kikajibiwa.

Jumapili ya tatu jina liliposomwa, mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Baba ndiye aliyesimama. Akaeleza kisa chake kwa ufupi, akaomba jina lake liwekwe kando. Akina mama wakaguna, mama yangu akainama, na mimi nikaliaga benchi lenye egemeo kwa machozi. Mwaka uliofuata jina likasomwa tena. Wageni wakaenda tena kwa Mzee Salumu, naye akawaambia kwamba yule mbuzi amezaa mapacha na hana malalamiko. Baba akawa mzee wa kanisa mpaka magoti yake yalipochoka.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama kichekesho cha ujinga wangu. Kisha mimi mwenyewe nikachaguliwa kwenye baraza la kanisa, huku ninakoishi sasa upande wa Chimwaga. Siku moja mwalimu wa watoto akanipigia simu, sauti yake imejaa aibu. Mwanangu wa miaka saba alikuwa ameliambia darasa zima kwamba Jumapili ambayo mama hakwenda kanisani hakuwa mgonjwa kama alivyoliandikia baraza. Alikuwa amelala tu, na baadaye akakaanga viazi.

Nilikwisha kufungua mdomo. Sentensi ilikuwa tayari, nyepesi kabisa: watoto nao, wanavyojua kubuni mambo! Mwalimu angecheka, nami ningecheka, na mwanangu angebaki mwongo wa darasa. Hapo ndipo nilipoelewa baba alikuwa akipima nini alipokuwa amesimama mwisho wa ua, akinitazama, akitazama kanisa, kisha akinitazama tena. Sentensi hiyohiyo ilikuwa mdomoni mwake, na hakuna mtu hata mmoja ambaye asingemwamini.

Nikafunga mdomo, mwalimu akadhani simu imekatika.

"Nipo, mwalimu," nikasema. "Mtoto amesema kweli."