Fundi Anayeuliza Mara Mbili Kabla ya Kufuta

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Katika chumba kinachotumiwa na darasa la watu wazima, mwanamke wa miaka arobaini na minane anaigeuzageuza kompyuta mpakato iliyochakaa. Anatazama ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Shingoni ananing'iniza flashi tatu kwenye kamba moja, na kwa sababu hiyo watu wote humwita Mama Flashi.

“Fundi, hii haina mdomo,” anasema mwenye kompyuta, mshonaji wa nguo na mwanafunzi wa darasa hilo. “Wenzake wana mlango wa CD. Hii utailisha vipi?”

“Ina pua, dada,” anajibu Mama Flashi, akionyesha tundu dogo la pembeni. “Mgonjwa asiyeweza kufungua kinywa hulishwa puani, na anapona.”

Kazi yake ni hiyo: kuweka mfumo endeshi, yaani programu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza, katika mashine kuukuu zisizo na mlango wa CD. Huuandaa mfumo huo kwenye flashi akiwa nyumbani, kisha humfuata mgonjwa alipo. Juma likiwa zuri hufufua kompyuta sita, na kipato chake hutosha kodi ya chumba na karo ya binti yake wa mwisho.

Kompyuta ya mshonaji iligoma siku nne zilizopita. Ikiwashwa, huonyesha kioo cheusi na mstari mmoja unaopepesa.

Mama Flashi anachomeka flashi ya kwanza na kuiwasha mashine huku akigongagonga kitufe cha F12, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya kiziwi. Asipowahi katika sekunde mbili za mwanzo, mashine itashika njia yake ya zamani. Orodha ya njia za kuiwashia mashine inatokea. Anachagua flashi. Mashine inakataa.

“Mzee huyu hana meno,” anasema bila wasiwasi. “Tumlainishie.” Anachomoa flashi ya kwanza na kuchomeka ya pili, yenye mfumo mwepesi wa mashine za kizazi cha nyuma. Safari hii maandishi ya Kiswahili yanajitokeza na kumpa njia mbili: kuujaribu mfumo bila kugusa kilichomo, au kufuta diski yote na kuuweka moja kwa moja.

“Dada, nifute?” anauliza.

“Futa, mdogo wangu! Huoni vumbi lilivyojaa? Hata kuileta nimeona haya.” Mshonaji anamsogezea kitambaa.

Darasa zima linacheka. Mama Flashi hacheki. Anaondoa mikono yake kwenye kibodi.

“Sisemi vumbi. Nikifuta humu ndani, unapoteza nini?”

Mshonaji anakivuta kitambaa nyuma. “Vipimo,” anasema. “Vipimo vya wateja wangu. Wote.”

Ni wateja mia mbili na kumi na wanne. Mwalimu alipomwambia aandike kitu anachokijua vizuri, aliandika vifua, viuno na mikono ya watu, na kwa miaka miwili hakuacha. Daftari zake za zamani, zenye alama alizozielewa yeye peke yake, alizichana akawashia jiko. Jumamosi anapaswa kukabidhi sare thelathini na mbili za kwaya, na vitambaa bado havijakatwa.

“Nilidhani kikishaingia kwenye kompyuta hakitoki,” anasema. “Nani angeniambia?”

Kuuliza mara ya pili kabla ya kufuta, Mama Flashi alijifunza kwa uchungu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mfanya usafi wa ofisi. “Nilizifuta kompyuta kila asubuhi kabla sijajua kwamba zinaweza kufutwa,” anaeleza. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na sita, na ufundi akaupata kwa fundi wa ofisi hiyo, aliyemruhusu kutazama.

Mwaka wake wa kwanza wa kujitegemea, baba mmoja alimletea mashine yenye picha za harusi ya bintiye. Mama Flashi alimuuliza mara moja tu kama afute. “Akasema futa. Yeye alikuwa na kitambaa akilini, mimi nilikuwa na kitufe mkononi. Hakunigombeza. Alikaa tu pale kwenye kiti. Afadhali angenigombeza.”

Kwa hiyo leo anachagua njia ya kwanza. Mfumo unaamka kutoka kwenye flashi, taratibu, kwa dakika kumi na moja. Hakuna anayerudi kwenye dawati lake. Mama Flashi anafungua diski ya zamani, folda moja baada ya nyingine. Hakuna faili lenye jina la vipimo.

“Uliliitaje?”

“Sikuliita. Mwalimu ndiye aliyeniandikia jina.”

Mwalimu anajipiga paji la uso. “Zoezi la Pili!”

Faili linafunguka. Mshonaji anasogea karibu, anaweka kidole kwenye kioo na kusoma kwa sauti, neno kwa neno: “Kifua, tisini na sita. Kiuno, themanini na nne. Mkono, sitini.” Anageuka. “Huyu ni kiongozi wa kwaya! Amenenepa, lakini ni yeye.”

Mama Flashi ananakili faili kwenye flashi ya tatu, kisha kwenye kompyuta ya mwalimu. Ndipo anauliza tena kama afute.

“Ya ndani futa yote,” mshonaji anajibu. “Vumbi nitafuta mwenyewe.”

Kabla ya saa sita mchana mashine inaamka bila flashi yoyote, na mshonaji anakwenda kukata vitambaa.

Kuanzia mwezi ujao, Mama Flashi atafundisha darasa hilo kila Alhamisi kwa majuma manane. Kila mwanafunzi ataandaa flashi yake na kuamsha mashine kwa mikono yake. “Nataka siku nikipita hapa waniambie, fundi, leo huna kazi,” anasema. “Siku hiyo nitafurahi kuliko kulipwa.”

Msomaji, huenda unamjua mtu aliyeiweka kompyuta yake uvunguni akisubiri kuitupa kwa kuwa haina mlango wa CD. Mpelekee ukurasa huu. Na kama hajajua kusoma, kaa naye umsomee, kisha umwelekeze darasani.