Fimbo ya Titani Pajani Mwangu

Ndugu zangu, mniwie radhi nikikaa. Nikisimama sana paja hili linaniuma. Naitwa Leokadia, mkulima wa Nyakahura. Zamani nilikuwa mtu wa mbio: asubuhi shambani, mchana sokoni na ndizi zangu, jioni kuni kichwani.

Siku moja pikipiki iliyonibeba kwenda sokoni iliteleza kwenye tope. Nilipojitazama, paja lilikuwa limepinda mahali pasipo na goti. Nilijikojolea, siwafichi. Hospitalini wakanipasua, wakaingiza fimbo ya titani, madini magumu kama chuma, ndani ya mfupa. Kidonda kikatoa usaha, homa ikanitikisa, nikadhani nakwenda. Mungu akakataa.

Hofu yenyewe ilianza nyumbani. Mnajua kwetu mvua ikinguruma: majembe yanatolewa nje, kioo kinafunikwa, maana tunaamini vinavuta radi. Wingu la kwanza lilipofunga, mama mkwe aliutazama mguu wangu.

"Mwanangu, hicho chuma chako tutakitoa vipi?"

Hakuwa na ubaya, aliogopa radi. Akaondoka na wanangu kwenda kwa shemeji. Nikabaki peke yangu chini ya blanketi, nikilia kila radi inapopiga. Kila mvua ikawa hivyo. Nikaapa fimbo itoke, hata mguu ukienda nayo.

Nikarudi hospitalini. "Daktari, nitoe hiki chuma." Nikamweleza sababu. Hakucheka.

"Mama, hii ni titani iliyochanganywa na alumini kidogo na madini mengine kidogo, vanadi. Nguvu yake ni ya kati. Inabeba uzito wako, lakini inanepa kidogo, mfupa nao ufanye kazi. Ni nyepesi kuliko chuma na haishiki kutu. Hata mabomba ya ndege hutengenezwa nayo."

"Na radi?"

"Radi haimfuati mtu kwa fimbo iliyo mfupani. Jihadhari na uwanja wa wazi na miti mirefu. Mfupa wako haujaunga. Nikiitoa sasa, mguu unaweza kupotea."

Nilimsihi amweleze mama mkwe kwa simu. Akampigia palepale, akamweleza yote; mama mkwe akaitikia "ee" tu.

Mvua iliyofuata, nilijifunika mapema. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe aliingia na wanangu wote, wamelowa, wakapanda kitandani. Radi ilipopiga, alilikumbatia paja lile lile bovu. Nilipiga yowe, naye akapiga.

Wenzangu mliowekewa vyuma, muulizeni daktari kabla hamjakubali maneno ya jirani. Ngurumo zikianza, ingieni ndani, msimwache mtu nje. Namshukuru Mungu kwa mguu huu. Radi bado naiogopa sana, ila sasa tunaiogopa wote, kitanda kimoja.