Barua Aliyopewa Dobi Apeleke Boma

Katika hoteli niliyofanya kazi Morogoro wakati wa Mjerumani, mtumishi aliyekosa hakupigwa na bwana mwenyewe. Bwana aliandika barua fupi, akaikunja, akampa yuleyule aliyekosa aipeleke boma. Karani aliisoma, askari akaitwa, mtu akalazwa chini akapigwa viboko vilivyotajwa humo, kisha akarudi kazini na barua nyingine ya kuthibitisha kwamba amepigwa. Wengi wetu hatukujua kusoma, lakini barua ile tuliitambua sote. Ilikuwa haina bahasha.

Mimi nilikuwa boi wa mezani. Kijerumani nilikiokota hapohapo, nikibadilisha sahani, na kwa kuwa bwana yule alikuja na reli na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu, nilikuwa mdomo wake kwa wenzangu na mdomo wa wenzangu kwake. Watumishi tulikuwa saba, Waluguru sote: mpishi na msaidizi wake, boi wa vyumbani, mteka maji, mkata kuni, dobi na mimi.

Mteka maji ndiye aliyepelekwa boma kabla ya siku ninayoieleza. Aliporudi alilala kifudifudi wiki nzima. Mpishi akatukusanya nyuma ya jiko, akasema kwamba atakayepewa barua tena asiende nayo, na sisi wengine tuweke kazi chini mpaka barua irudi ilikotoka. Vijana wa leo wana neno lake, mgomo, na wana chama chenye kadi na mwenyekiti. Sisi tulisema tu "lile jambo letu", na hata hivyo kwa kunong'ona. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vibichi. Watu saba wakikaa pamoja bila kazi waliweza kuitwa waasi, na muasi hakupelekewa kiboko. Alipelekewa kamba.

Barua ikamwangukia dobi. Alikuwa mtu wa Matombo, wa umri wa kunizaa, nasi tulimwita mjomba. Asubuhi ile kaa liliruka kutoka kwenye pasi likatoboa kitambaa kikubwa cha meza, na alasiri walikuwa wanatarajiwa mkubwa mmoja wa reli na wenzake sita kwa garimoshi la saa tisa. Bwana aliandika palepale barazani, nami nimesimama nyuma yake na birika la kahawa; tarakimu nilijua kuzisoma.

Dobi akaipokea barua kwa mikono miwili. Alinifuata mpaka mlango wa jiko.

"Fimbo ngapi?"

"Ishirini na tano, mjomba."

Akatikisa kichwa polepole. "Mgongo huu ulishapigwa kule kwenye machimbo ya ulanga. Nilikojoa damu siku nne, na nilikuwa kijana. Hizi za leo nitazifia."

Akaenda kuketi kwenye ngazi ya nyuma, barua mkononi. Mpishi akamtazama. Halafu akaipua sufuria, akazika moto kwa majivu, akaenda kuketi kando yake. Mteka maji akatua mitungi. Mmoja mmoja tukakaa, na mimi nikawa wa mwisho. Sitasema kwamba sikuogopa.

Bwana alipokuja na kutukuta, hakupiga kelele. Aliuliza kiongozi ni nani. Nikatafsiri.

"Mwambie hakuna," mpishi akajibu. "Mwambie tumekaa tu."

"Mwambie tunapumzisha vitambaa vya meza," akaongeza msaidizi wake. Hilo sikulitafsiri.

Bwana akasema ataleta watu wengine, na sisi atatushughulikia wageni wakishalala. Akavaa kofia akaondoka mwenyewe kwa miguu kwenda stesheni, maana hakuwa na mtu wa kumtuma. Duka la Mhindi lililokuwa ng'ambo likafungwa mlango mmoja, kisha wa pili, mchana mweupe.

Alirudi na wapagazi wanane wa stesheni na mnyapara wao. Wote walikuwa Wanyamwezi. Nadhani bwana alijiambia kwamba Mnyamwezi hana habari na Mluguru, na kwamba hawa wangetuvuka pale ngazini kama watu wanaovuka magogo. Asichojua ni kwamba Wanyamwezi ni watani wetu. Lakini mimi nilijua, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtani akikuta chakula chako anaweza kukichukua, na ukinuna umevunja utani. Akikuta kazi yako imelala chini, nani wa kumzuia asiichukue huku anacheka? Ila mtani huyohuyo akikukuta msibani, ni lazima aingie akufanyie kazi. Sikujua wangeiona siku ile kuwa ipi kati ya hizo.

"Tazameni Waluguru," mnyapara akasema, mikono kiunoni. "Wamepangwa kama ndizi zinazongoja kuvundikwa."

"Pita, kichwa bapa," mpishi akamjibu. "Mizigo ya watu imekubonyeza mpaka akili ikatokea masikioni."

Wapagazi wakacheka. Bwana aliwaonyesha jiko kwa kidole. Wawili wakapiga hatua.

"Ngojeni," mnyapara akawaambia. Alikuwa ameona uso wa dobi. "Mtani, mbona umekaa kimsiba? Nani kafa?"

"Bado hajafa," dobi akasema. Akamwonyesha barua. "Hii hapa imekuja kumwita."

Mnyapara aliitazama karatasi ile isiyo na bahasha. Nilikwambia kila mtu aliijua. Akanigeukia mimi.

"Mwambie bwana kwamba huyu mzee ni mtumwa wangu, tangu babu yake. Wa kumchapa ni mimi, na leo sijatoa ruhusa."

Akaketi ngazi ya chini, akijisukumia nafasi kwa kiwiko. "Sogea, ndizi." Wenzake wanane wakaketi vumbini.

Nikatafsiri neno kwa neno. Bwana alinitazama kana kwamba nimelitunga mwenyewe.

Garimoshi likapiga filimbi upande wa Kingolwira. Wapagazi wakatazamana, na hakuna aliyeinuka. Baada ya muda tukawaona wageni wanakuja barabarani kwa miguu, kila mmoja na mkoba wake mwenyewe, mkubwa wa reli mbele, jasho linamtiririka. Bwana akamnyang'anya dobi barua, akaitia mfukoni.

"Waambie yamekwisha. Kazini!"

Nikawaambia. Mpishi akaanza kuinuka, lakini dobi akamshika shati.

"Mwambie aichane."

Mpaka hapo nilikuwa nabeba maneno ya watu. Hili nalo lilikuwa la mtu mwingine, ila neno la kuchana sikulijua kwa Kijerumani. Nilijua la kukata nyama na la kumimina mchuzi. Wageni walikuwa wamefika penye ua. Basi nikaonyesha mfuko wake kwa kidole, nikainua mikono yangu mbele ya uso wake, nikachana hewa.

Alinitazama mimi, si dobi. Akatoa barua, akaichana mara mbili, akaiachia ianguke, akaenda kuwapokea wageni kwa tabasamu. Wapagazi wakakimbia kuipokea mikoba. Mpishi akaufukua moto.

Asubuhi bwana aliniita barazani. Hakuhitaji mkalimani. "Wewe mezani, hapana. Wewe mtoni." Kanzu nyeupe ya mezani nikaivulia hapohapo, akapewa boi wa vyumbani.

Mtoni dobi hakunishukuru, wala sikungoja anishukuru. Alinipa ncha moja ya kitambaa cha meza kilichojaa maji, akashika nyingine, akanifundisha kukamua: mimi nisokote upande wangu, yeye wake, na mtu asiachie.

"Unashika kama unayebeba sahani," akanifokea. "Kaza!"

Askari wawili wakatokea kwenye njia ya boma. Tukasimama vivyo hivyo, kitambaa kimekazwa kati yetu, maji yakidondoka, mpaka walipovuka daraja na migongo yao ikapotea. Ndipo aliposema, "Haya, zungusha."